Ushahidi wa Tumbili

Tumbili na Nyani walikuwa vibarua wa Kiboko, mwenye mashine ya kukamua miwa. Siku moja mashine hiyo ilimkata Nyani mkono wa kulia, kwa sababu Kiboko alikuwa ameng'oa kinga iliyofunika meno ya mashine ili kazi iende mbio. Nyani akafungua kesi. Aliyeshuhudia alikuwa Tumbili peke yake.

Kiboko akamvuta Tumbili pembeni. "Sema kinga ilikuwapo, mwenzako ndiye mzembe. Usimamizi nitakupa wewe."

Tumbili alikuwa na watoto wanne. Alipopanda kizimbani hakuthubutu kumtazama Nyani.

"Mheshimiwa, naapa kinga ilikuwapo."

"Tumbili, ndugu yangu!" Nyani akalia.

Hakimu Korongo akaandika, kisha akaitupilia mbali kesi. Nyani akaondoka amekumbatia kigutu chake.

Kesho yake Tumbili alikuta miwa imerundikana, na hakuna mwingine wa kuilisha mashine.

"Bosi, basi turudishe ile kinga," akaomba.

"Turudishe vipi, nawe umeapa kwamba ipo?" Kiboko akamjibu. "Nikionekana naifunga leo, nitakuwa nimekiri kosa, na wewe utafungwa kwa kumdanganya hakimu. Anza kazi, msimamizi."

Tumbili akawafikiria wanawe. Kisha akaokota muwa, akausukuma katikati ya yale meno, na Kiboko akapaza sauti kutoka kibarazani kwamba anachelewesha wateja.