Mizizi Haikatwi Kiangazi

"Shemeji, acha kunidanganya. Nani anakata mizizi Julai?"

"Mimi! Nimeikata Jumatatu, nikabadilisha udongo pia. Wewe ulikuwa Majimoto msibani. Shukuru basi!"

Scolastica hakushukuru. Alikizunguka chungu pale barazani. Mkuyu huu wa bonsai, mti uliodumazwa chunguni kwa kukatwakatwa, aliupanda mwaka aliomzika mumewe, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kugusa mizizi yake kabla ya mvua za kwanza, machipukizi yanapoanza kuvimba. Ukiikata kiangazi, majani hupukutika ndani ya siku nne. Leo ilikuwa Ijumaa, na majani yalikuwa yanang'aa.

Halafu kulikuwa na yule mgeni wa gari jeupe, aliyeomba auziwe mti huo mara mbili akanyimwa.

"Kovu la pale mbuzi alipoguguna shina liko wapi?"

"Nimepandisha udongo, limefunikwa. Nyie wenye diploma mnashuku hadi mti!"

"Na nikiung'oa?"

Shemeji aliacha kucheka. "Mti utakufa. Ndiyo kwanza unashika. Unataka kuua kumbukumbu ya kaka?"

Huenda alisema kweli. Kama alisema kweli, mkono wa Scolastica mwenyewe ndio ungeuua mti.

Scolastica alilikamata shina kwa mikono miwili, akavuta.

Udongo ulitoka mzima, mwembamba na mrefu, umbo lilelile la kiriba cha kuuzia miche. Mizizi ilikuwa imejizungusha pembeni kama kamba, na hakuna hata mmoja uliowahi kuguswa na kisu, cha shemeji wala chake.