Kamba Mpya ya Kassimu

Asubuhi Kassimu aliikuta kamba yake ya kupandia nyasi imekatika, akawalaumu mbuzi. Akafunga nyingine: ncha moja kwenye mwamba kando ya barabara, ya pili kwenye kigingi katikati ya mteremko wa shimo la dhahabu, ili mistari ya nyasi za kushika udongo inyooke. Hakuikaza bado. Ililala juu ya majani kama mjusi anayeota jua.

Chini yake, wanawake kumi na wawili wa Muyinga walikuwa wakichimbia miche.

Injinia wa mgodi alikuwa garini tayari, ramani magotini. Wizarani Gitega alitakiwa saa nane. Ramani zilionyesha maji ya ardhini yameshuka, kwa hiyo pampu za kuvuta maji shimoni zilikuwa zimezimwa tangu Jumatatu.

"Madamu, pompe ziwashwe," Kassimu alisema dirishani. "Udongo iko laini kama bugali. Mguu inazama."

"Hiyo ni mvua ya jana, Kassimu. Maji tulipima, iko mbali."

"Basi shuka, we ukanyage mwenyewe."

Alishuka shingo upande. Alipofika kwenye mwamba alisimama, akatazama chini.

Kamba ilikuwa inainuka kutoka kwenye majani. Ilinyooka polepole, ikakaza, ikatetemeka kama uzi wa inanga ikipigwa, na hakuna aliyeigusa; kigingi ndicho kilichokuwa kikiteremka.

Kassimu akawapigia wanawake ukelele watupe majembe, wakimbie.

Mmoja akainua kichwa, akatabasamu, akampungia mkono.