Lami na Salamu

"Nakuuliza lami, Mjomba, wewe unanipa salamu!"

Fundi simu aliitupa kalamu juu ya ramani. Ilibingirika ikavuka nchi mbili, ikaanguka sakafuni. Ndivyo alivyotaka kuvuka yeye, ila kwa baiskeli: nchi nne, yeye na shoga yake muuguzi, kutoka mlangoni pale mpaka ardhi inapoishia. Muuguzi alishapata likizo. Baiskeli zilishabadilishwa matairi. Kilichobaki ni njia.

Na njia alikuwa nayo mjomba. Utoto wake wote, fundi simu alikua akisikia kwamba kaka wa mama yake ni dereva wa malori ya masafa, yuko ng'ambo ya mipaka, iko siku atarudi. Alirudi mwaka jana, mvi kichwa kizima, akapewa chumba cha uani. Mtu ana mwongozaji nyumbani kwake, aende kumtafuta nani tena?

"Ukifika pale penye madaraja mawili," mjomba alirudia kwa upole, "ulizia mama mwenye mashine ya kusaga. Mwambie mwanawe yule mwenye kigugumizi anamsalimu sana. Atakupikia, utashiba."

"Kutoka mpakani mpaka hapo ni mbali kiasi gani?"

"Ni mbali."

"Mbali ya siku moja au ya siku tatu? Kwa baiskeli, Mjomba! Kwa miguu hii!"

Mjomba aliitazama miguu ile kwa huruma. "Mbali ya kutosha," alisema.

Wiki nzima ilikuwa hivyo hivyo. Maamkizi ya nchi zote nne aliyajua, na matusi yake pia. Aliimba nyimbo ambazo watu wa milimani huwabembelezea watoto, mpaka machozi yakamlenga. Alijua nani kaoa wapi, na ng'ombe wa nani aliuawa na radi. Lakini muulize barabara inapanda au inashuka, au mpakani wanafungua saa ngapi, anaanza kujikuna shingo. Siku moja aliapa kwamba ukishavuka mto unakutana na mlima wa kutoa roho. Fundi simu akatenga siku nzima ya kuupanda, kisha akaenda kuhakikisha kwa dereva mmoja kwenye kituo cha mafuta. Dereva alicheka hadi akashikilia mlango wa lori lake. Mlima gani, dada? Pale ni tambarare, unamwona anayekuja kesho.

"Nimechekwa mbele za watu," alimlalamikia mama yake jikoni. "Huyu kaka yako alikuwa anaendesha huku amelala?"

Mama aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata zamani. "Mwache kaka yangu apumzike na safari zake."

"Mama, tunaondoka Jumapili!"

"Nimesema mwache."

Muuguzi naye alikuwa hashikiki. "Mjomba wako anatubania makusudi," alifoka kwenye simu. "Hataki kuona wanawake barabarani, basi. Si aseme tu tujue moja!"

Maneno hayo yalimkaa fundi simu kooni kama mwiba wa samaki. Alivyokuwa akimpenda mzee yule! Kumbe ndiye wa kumwekea kigingi?

Ijumaa alirudi kutoka kazini mikono imejaa mipira ya akiba ya baiskeli. Alimkuta mjomba uani, amesimama mbele ya mlango uliorudishiwa tu, akisubiri. Alikuwa na mazoea hayo: mlango hata usiofungwa, hausukumi mpaka mtu aje amfungulie. Mama husema ni adabu za ugenini. Fundi simu aliusukuma kwa kiwiko, mlango ukagonga ukuta.

"Mjomba, leo niambie ukweli. Hutaki niende?"

Mzee alishtuka. "Nani, mimi? Nenda, mama! Laiti ningekuwa na miguu yako, ningeondoka sasa hivi, wala nisigeuke nyuma."

"Basi mbona unanificha njia?"

Mjomba aliingia chumbani, akatoka amevaa shati lake la kola na viatu vilivyopigwa rangi.

"Chukua ramani yako," alisema. "Nakupeleka kwa dereva mmoja, tumekaa naye sana. Njia yote anayo kichwani, mpaka mashimo yake."

"Yuko hapa hapa mjini?"

"Yuko."

"Wiki nzima naumiza kichwa, na mtu yuko hapa hapa! Tukifika kama ametoka je?"

"Hatoki," alisema mjomba.

Fundi simu hakumwongelesha tena. Alikokota baiskeli yake upande mmoja, mzee akatembea upande wa pili. Walipita maduka ya mabati, wakapita kiwanda cha mbao, wakaanza kuufuata ukuta mrefu usio na dirisha hata moja. Kila alipomtupia jicho, alimwona mjomba anazidi kupunguza mwendo, na moyoni akasema: anatafuta pa kukimbilia huyu.

Hakukimbia. Alisimama mbele ya lango la chuma, akashusha pumzi, akaligonga kwa viganja. Kidirisha kikafunguliwa, uso wa askari mwenye kofia ukachungulia, ukakunjuka kwa furaha.

"Haa, mzee wa selo ya wageni! Miaka yote ile unalia tukutoe humu, leo unabisha hodi mwenyewe?"