Zamu ya Baba Mapacha

"Ruka," alisema Rada. "Kuna dimbwi."

Baba Mapacha akaruka. Viatu vikatua pakavu.

"Wewe, umelijuaje?"

"Nimelinusa."

Watu wa barazani wakaangua kicheko. Haya, nani asingecheka? Vipofu wawili, miwani miwili ya giza, fimbo moja, na mmoja anamwongoza mwenzake kama dereva wa teksi. Jina la Rada alipewa karakanani walikotengeneza brashi, maana hajikwai wala hagongi mlango. Baba Mapacha alimshukuru Mungu kwa rafiki wa namna ile. Mwingine angempata wapi?

Safari yenyewe Rada hakuitaka. Alinung'unika tangu asubuhi.

"Unajisumbua bure. Konea hizo wanapeana wenyewe kwa wenyewe, wenye ndugu huko juu. Sisi nani?"

"Leo nawauliza ana kwa ana. Nimechoka kungoja simu."

Alikuwa na haki ya kuchoka. Konea, kile kioo chembamba cha mbele ya jicho, chake kilijaa makovu tangu ujanani. Dawa ilikuwa moja tu: kushonewa kingine, kutoka kwa marehemu aliyekubali kutoa chake. Siku alipojiandikisha hospitalini alionywa: "Tukikupigia, njoo siku hiyo hiyo. Konea haikai." Namba aliyoiacha ni ya karakana, ile simu ya mezani kwa Rada, kwa kuwa Rada ndiye mwenye mdomo wa kuzungumza na wateja. Macho ya Rada nayo yaliharibika vivyo hivyo, lakini kujiandikisha alikataa katakata. Kisu na jicho, wapi na wapi!

Basi kila jioni, wakijipukuta nywele za brashi mapajani, ni swali lile lile.

"Wamepiga?"

"Bado, ndugu yangu. Subira huvuta heri."

"Heri gani hii ya kuvutwa kwa kamba ndefu hivi!"

Wanacheka, wanakwenda zao. Lakini Baba Mapacha hakuwa na la kuchekea. Mabinti zake walizaliwa yeye keshakuwa kipofu. Watu husema wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Yeye anazijua sauti zao tu, na vichwa alivyokuwa akivipapasa walipokuwa wadogo. Sasa mmoja anaolewa. Alitaka auone uso wa mwanawe kabla hajaenda kwa watu. Hilo tu. Ni makubwa hayo?

Langoni mwa hospitali Rada akasimama.

"Ingia wewe. Mimi harufu ya dawa inanichafua tumbo."

"Mwanamume mzima!"

"Tena tangu ule msiba wa shangazi..."

Baba Mapacha akapoa. Msiba ule aliukumbuka. Rada aliondoka ghafla kwenda kuzika, akakaa huko wiki kadhaa, akarudi anapenga kamasi na kujifuta machozi, haguswi usoni, hataki hata moshi wa jiko. Alivyompenda shangazi yake, masikini! Na muda wote huo Baba Mapacha alitengeneza brashi za watu wawili, zake na za Rada, waya ukimchana vidole, ili mwenzake asikose kazi. Karakana ile huajiri wasioona tu, na ukiiacha nafasi yako wazi, inanyakuliwa.

"Twende," alisema, akamkamata mkono. "Nilikubeba kwenye msiba wako. Leo nibebe kwenye wangu."

Kiganja cha Rada kilikuwa kimelowa jasho.

Ndani, ukumbi ulinuka sabuni. Wakaketi kwenye benchi la chuma, bega kwa bega. Mlango ukafunguliwa, viatu vya raba vikaja upande wao, vikasimama.

"He! Baba Mapacha!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, changamfu. Moyo wa Baba Mapacha ukamlipuka. Wanamjua! Miaka yote hii, na kumbe hawajamsahau! Rada alikuwa akimkatisha tamaa bure. Akainuka, akaliweka koti sawa, akanyoosha mkono.

"Wewe mtu ulipotelea wapi?" muuguzi akaendelea. "Tangu tukutoe nyuzi, hata kuja kutusalimu hutaki? Sogea dirishani hapa. Hebu toa hiyo miwani, nilione jicho letu."

Mkono wa Baba Mapacha ulibaki hewani. Hakuna aliyeupokea. Kando yake benchi likalia, na bega lililokuwa limeegemea nyonga yake likaondoka.

"Angalia hapo! Safi kabisa, halina hata ukungu," muuguzi alisema kutoka dirishani. "Na huyu mzee uliyetuletea ni nani? Mwambie akae tu, nitamwona. Ila kwanza nipe habari za mabinti zako. Ulivyotulilia hapa ili ukawaone! Eti kweli wanafanana kama shilingi kwa ya pili?"