Sharti la Duja

"Wameongeza jingine, Mama," Mukhtari alisema hata kabla hajavua viatu.

Manubia hakuinua macho kwenye zulia alilokuwa akifuma. Alikwisha zoea. Mwanzo wakwe walitaka bangili. Akavua zake za fedha, alizovishwa na marehemu mumewe, akampa mwanawe azipeleke. Kisha wakataka mahari iongezwe. Mwaka ule Bei, mtawala wa nchi, alikuwa amepandisha kodi na nusu ya mji ilikula shayiri, lakini Manubia aliuza zulia lake kubwa kwa bei ya kutupa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye mwana alikuwa naye huyo mmoja tu.

"Haya, leo wanataka nini? Meno yangu?"

Mukhtari hakucheka. "Hapa Kairuani binti hatoki kwao bila masharti, wajua mwenyewe. Hili litaandikwa kesho mbele ya kadhi. Duja hatakaa nyumba moja na mama mkwe."

Uzi ulimponyoka Manubia. Nyumba hii aliingia akiwa bibi harusi. Mukhtari mwenyewe alizaliwa chumba kile pale, na mumewe alifia chumba hicho hicho.

"Nawe ukawajibuje, mwanangu?"

"Nimebishana nao mpaka sauti imenikauka. Wamekaza. Ila usihofu, Mjomba Belgasimu kule Susa atakupokea. Nimeshamuuliza, na punda nimekwisha mpata."

"Mungu akuweke," Manubia alisema. "Unahangaika sana kwa ajili yangu."

Mukhtari alipotoka, Manubia alilia. Alilia kwa hasira hasa, akimlaani Duja kimoyomoyo: msichana hajakanyaga hata kizingiti, keshamfukuza mwenye nyumba. Alimhurumia mwanawe, maskini, kabanwa na watu wasio na haya.

Lakini Manubia hakuwa mtu wa kumezwa hivihivi. Kwa desturi, posa ikishaingia mikononi mwa wanaume, mama wa bwana harusi hagusi mlango wa wakwe mpaka siku ya harusi. Asubuhi aliiweka desturi kando, akajitanda shuka lake, akachukua sahani ya vileja vya tende, akaenda. Njiani alijizoeza maneno ya kusema. Aliapa kwamba hatagomba, maana ugomvi ungemharibia mwanawe.

Aliyemfungulia ni Bibi Salha, shangazi aliyemlea Duja tangu mama yake afariki. Manubia hakungoja kukaribishwa.

"Dada, sikuja kwa shari. Bangili mmezitaka, nimetoa. Mahari mmeongeza, nimetoa. Hili la nyumba ndilo linanishinda. Nitalala jikoni. Nitapika, nitafua, na chumba chao sitakisogelea. Nakuomba umwambie Duja asinitoe nyumbani kwangu, nami nitamshukuru mpaka naingia kaburini."

Bibi Salha alinyoosha mikono. Akaipokea sahani, akaiweka chini, akamshika Manubia mkono na kumketisha.

"Akutoe nani, dada yangu? Mtoto huyu amekua bila mama. Sharti lake kwetu lilikuwa hilo moja tu, kwamba wewe ukae naye. Mwanao ndiye aliyelikataa."