Komeo Jipya

Tangu mtu mwenye panga aruke ukuta wa shule mwezi uliopita, tuliahidiwa komeo darasani. Leo limefika, jipya, bado lina mafuta, na fundi amelipigilia upande wa nje.

"Mwalimu Mkuu, yule mtu akirudi, mimi na watoto tuko ndani, nani atatufungia?"

"Mwalimu nawe! Usituaibishe mbele ya wageni." Akawageukia wakaguzi waliobanana kwenye madawati. "Waheshimiwa, sasa shule ni salama."

Wakapiga makofi.

Nikawatoa watoto wote uwanjani. Nikarudi, nikauvuta mlango, nikalisukuma komeo mpaka mwisho.

"Mwalimu! Fungua! Una wazimu?"

Nikaenda kupiga kengele ya hatari.