Breki ya Moyo

Makarius aliitosa pakiti nzima ya sigara chooni, na papo hapo akatamani kujitosa aifuate. Alivuta tangu ujana wake. Jasho lilimtoka, akaona kama ulimwengu mzima unamzomea.

Lakini Sista Antoinette wa zahanati ya misheni hakuwa na masihara.

"Moyo unaongozwa na mishipa ya fahamu," alikuwa amesema. "Mmoja unauhimiza, mwingine unaufunga breki. Sigara inaharibu breki. Na moyo huu unakwenda mbio mno, baba. Sigara ikome kabisa nyumbani kwenu, la sivyo utazimika."

Makarius alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli kati ya Kumsenga na Kibondo. Mteremko bila breki aliujua vizuri. Nyuma ya nyumba yake tayari kulikuwa na makaburi mawili madogo, na la tatu hakutaka hata kulifikiria.

Basi akapambana. Alitafuna mahindi ya kukaanga mpaka taya zikamuuma. Wenzake kijiweni walipompulizia moshi kwa utani, alihama kijiwe. Mkewe, Pelagia, alimwonea huruma. Kila jioni alipotoka nyuma ya jiko, alikozoea kukaa na mama mkwe wake, alimkuta mumewe kajikunyata kitandani.

"Vumilia, baba. Mungu wetu Imana atatusaidia."

"Nimeacha, Pelagia. Haki ya Mungu nimeacha!"

"Naona," alisema, akamfuta jasho.

Siku ya kurudi zahanati walikwenda wote wawili, Pelagia kwenye keria. Mlimani Makarius alishuka akasukuma baiskeli. Mteremkoni nako alisukuma, polepole, akiogopa kila jiwe, huku malori ya mahindi ya wakimbizi yakiwapita na kuwamwagia vumbi. Njia nzima aliomba kimoyomoyo.

Sista aliweka sikio kwenye pembe lake la mbao la kusikilizia mapigo, akafumba macho. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Makarius alimkodolea macho kama mshtakiwa mbele ya hakimu.

"Bado unakimbia," Sista alisema. "Tena kuliko siku ile. Mmeacha kweli?"

"Naapa kwa msalaba ule pale ukutani!" Machozi yalimtoka Makarius, wala hakuona haya. "Sijagusa hata kipisi! Nifanye nini zaidi, Sista? Niache na kupumua?"

Sista alilitoa pembe juu ya tumbo la Pelagia.

"Inuka taratibu, mama."

Pelagia aliinuka, akakifungua kitenge ili akifunge upya. Kiko kidogo cha udongo kikachomoka kiunoni, kikamwaga majivu sakafuni.

"Ah, hiyo si sigara, Sista," alisema kwa upole, akiinama kukiokota. "Ni itabi tu, tumbaku ya bustanini. Mama mkwe alinipa, ya kutuliza kichefuchefu."